Povu Kwenye Mabomba

Povu lilikuwa likichuruzika kutoka kwenye mabomba waliyopandia letusi uani. Mke aliinua mche mmoja. Mizizi, jana myeupe kama pamba, ilimlegea vidoleni.

“Tangi la maji ya mabomba haya lilikuwa na utelezi, mwanangu,” mama mkwe alisema, uso umemkunjuka kwa furaha. “Nimelitia sabuni ya unga, nikalisugua. Kila siku mnaniambia nipumzike. Leo na mimi nimewafaa.”

Mke alitupia jicho langoni. Mumewe aliacha kazi kwa ajili ya miche hii, na siku hizi hasira zake hazikuchagua mkubwa wala mdogo.

Lango likalia. Mume akaingia, akaona.

“Nani katia sabuni humu?”

Tabasamu la mama likafifia.

“Mimi,” mke akasema, akamsogeza mama mkwe nyuma ya mgongo wake.