Likizo ya Bi Mashavu na Mumewe

Paliishi kupe wawili, Bi Mashavu na mumewe Pandu, wabishi kupindukia. Kila mwaka walikwenda likizo nchi kavu, mgongoni kwa Nyati. Mwaka huo Pandu akataka Kiboko.

"Kupe wa kisasa wanatembea majini," alisema. "Unajilalia, unaelea, chakula kiko chini ya kitanda."

"Kwani kwa Nyati chakula kiko darini?" aliuliza Bi Mashavu. "Mimi majini siendi ng'o."

Wakanuniana, kila mmoja akapanda mnyama wake.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Nyati akajitosa dimbwini hadi shingoni, na Bi Mashavu akakimbilia ncha ya pembe, kichefuchefu kimemshika. Jioni Kiboko akatoka majini kutafuta majani, akapita kando ya dimbwi, Pandu akirushwarushwa mgongoni kama bisi.

Macho yakakutana.

"Nimekuja nchi kavu kukufuata wewe, mke wangu," Pandu akawahi kusema.

Bi Mashavu akajibu, "Nami nimeingia majini kwa ajili yako."

Tangu hapo kupe wote huwasifu kwa mapenzi yao. Nyati na Kiboko hawajaulizwa mpaka leo.