Wifi Ifike Jikoni

"Mwambie mama asogee kidogo, ameziba antena," fundi alisema kutoka juu ya ngazi, uso ameuelekeza ukutani.

Alikuwa anamwambia Brigid, jirani. Mama mwenyewe, Roselida, alikuwa amesimama palepale chini ya ngazi, na masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote.

"Ala! Kwani mimi ni mgomba?" akauliza. Fundi akaendelea kukaza skrubu.

Sasa, mama wa Nambale mwenye sebule nzuri yenye wifi anatafuta nini tena na wifi ya jikoni, huko nje nyuma ya ghala na zizi la mbuzi? Ni mila. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mmoja akitokea huku, mwingine anapotelea kule. Na Ojiambo, mume wa binti yake mkubwa, alikuwa amependa sana ukweni, hasa tangu wifi iingie. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Basi mgeni alikuja, akatandaza miguu kwenye sofa, akatazama mpira kutwa. Mwenyeji akaenda kuponea jikoni na mbuzi, ambako simu yake ilikuwa tochi tu.

Na usidhani Roselida alilegeza mila hata kidogo. Kwenye matanga ya shemeji yake aliwahi kuacha sahani imejaa nyama akatokea dirishani, kwa sababu Ojiambo alikuwa ameingia mlangoni. Watu walicheka. Yeye anajisifu mpaka leo.

Lakini Jumapili hii Ojiambo alikuwa anakuja, na Jumapili hiihii Brendah, kitinda mimba wake anayefanya kazi Eldoret, alikuwa ameahidi simu ya video. "Nina habari, Mama. Nataka nikwambie tukionana." Mwaka mzima mtoto hajakanyaga nyumbani, kila mara kazi, kazi, kazi! Roselida alikuwa na hamu naye mpaka chakula hakishuki. Akiikosa simu hii, ataipata lini nyingine? Habari yenyewe alishaijua: Brendah amepandishwa cheo. Ameshawatangazia akina mama wote wa kanisa, kwa siri.

Fundi alitumwa na Brendah mwenyewe. "Anaitwa Ikapel, wa kutoka Malaba. Ni kijana mzuri, Mama."

Mzuri, tena sana! Tangu asubuhi kijana mzuri hakuwa amempa mtu mkono. Alisalimia akiwa langoni, ameinama, anavisalimia viatu vyake. Roselida akitoka jikoni, Ikapel anakumbuka kifaa kilichobaki nyuma ya ghala. Roselida akienda ghalani, Ikapel yuko juu ya paa. Akachinjiwa jogoo, akamtuma Brigid aseme kwamba tumbo linamsumbua, kisha akaenda kunywa maji nje ya ua. Kukataa kuku kwa Mluhya! Kuna watu wamefukuzwa bomani kwa makosa madogo kuliko hayo.

"Labda ameokoka kwa lile kanisa lisilosalimia wanawake," Brigid akasema.

"Kuokoka wapi? Ni maringo. Kijana akijua kuunganisha waya mbili, anatuona sisi si watu."

Kazi lakini aliijua, tusimnyime haki yake. Mabati ndiyo yaliyokuwa yanazuia mtandao, alieleza, na maelezo yote akampa Brigid, ambaye hakuelewa hata neno. Akafunga antena moja kwenye nyumba kubwa, nyingine kwenye nguzo ya jikoni, na zote mbili lazima zitazamane. Migomba iliyokuwa katikati ikakatwa.

"Antena zitazamane," Roselida akanung'unika, "ila watu ndio wasitazamane."

Mara pikipiki ya Ojiambo ikanguruma langoni. Roselida akashika leso kiunoni, akakimbilia jikoni kama kawaida yake. Akatazama simu. Mtandao umejaa! Umejaa mpaka juu, hapohapo kando ya mafiga!

"Haki ya Mungu!" Furaha ikamtoa nje mbio. Ikapel alikuwa amechuchumaa mlangoni anakusanya waya, nyuma yake zizi, kando yake ukuta. Safari hii hakuwa na pa kukumbuka kifaa.

"Leo utanisalimia, utake usitake!" Akamkamata mikono yote miwili.

"Mama, tafadhali," Ikapel akasema, macho ameyafumba.

Tafadhali gani? Akamvuta kifuani, akamkumbatia, akamzungusha, akampiga busu la shavu kwa shukrani. Alipomwachilia, kijana alitoka mbio akaacha hata ngazi.

Simu ikalia. Brendah huyo hapo kwenye kioo, uso umenawiri. Roselida akalia machozi ya kweli.

"Mama, nakuona! Kwa hivyo fundi alifika?"

"Alifika, ila adabu aliiacha Malaba. Kunikimbia siku nzima! Lakini nimemshika mwenyewe, nimemkumbatia mpaka akaita jina la Yesu."

Brendah akasogeza uso karibu na kamera.

"Umemkumbatia?"

"Na busu juu. Muulize Brigid."

Brendah akaishusha simu polepole, ikapita shingo, ikapita kifua, ikatulia kwenye tumbo kubwa la mimba.

"Mama," akasema, "ungemwacha tu akukimbie."