Kidirisha cha Darini

"Kidirisha hicho cha panya, Fundi Sikudhani?" vibarua walimcheka. Kabla ya kujenga bweni hili, Sikudhani alikuwa akiunda mashine za kusaga kiwandani.

"Cha kuchungulia boriti zikizeeka. Kiwandani hatutoi mashine isiyofunguka. Jengo nalo huzaliwa, huugua, hufa. Mkilisahau, litawafia watoto vichwani."

Bi Mwanakombo, mzazi aliyekuja kuangalia ujenzi, alimtazama kwa kumstahi. Binti yake angelala humo, na bweni la zamani lilikuwa limeanguka likiwa limepakwa rangi mpya.

"Ukishaondoka, mwanangu, nani atachungulia?" alimuuliza fundi.

Sikudhani akamvisha ufunguo wa kidirisha shingoni. "Mwenye hofu, mama."

Siku ya ufunguzi wageni walikula pilau, wakasifu rangi, wakaenda zao. Bi Mwanakombo alibaki juu ya ngazi, kidirisha wazi, sikio kalibandika kwenye boriti.