Ndiga za Mwaka wa Njaa

Tangu mumewe azikwe, Hadia alikuwa akirudisha sahani kama zilivyokuja. Mimba ilikuwa imefika mwezi wa saba, na mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Leo Bi Somoe, bibi yake, alimtoa edani akampeleka kliniki. Waliporudi alimtengea wali na samaki mkekani, akashika birika la kunawia.

"Sina njaa, bibi."

"Nimesikia." Bi Somoe hakuondoka. "Lakini na wewe umemsikia nesi. Mtoto ni wa kike, na mayai yake ya uzazi yameshaumbwa ndani yake, humo humo tumboni mwako. Njaa yako inayafikia na hayo."

Hadia alitazama ukuta.

"Mwaka wa njaa nilikuwa na mimba ya mama yako. Tulichimba ndiga porini. Viazi vile ni sumu, mpaka uviloweke mtoni siku nyingi. Wenzangu walishindwa kungoja, wakavila, tukawazika. Mimi nilikaa pale ukingoni na tumbo langu, navitazama vikilowa. Nilijua namngojea mama yako. Kumbe nilikuwa nakungojea na wewe. Ulikuwa yai ndani yake."

Akaliinua birika juu ya bakuli, akangoja. Lilikuwa zito. Mkono wake ukaanza kulemewa, na maji yakadondoka tone moja moja.

Hadia aliyatazama matone yale kwa muda mrefu. Kisha akatoa mkono mmoja ndani ya kanga, akaukinga chini ya birika.