Mtaalamu wa Tatu

Nabei aligonga jiwe kwa nyundo. Likalia kama kengele. Akalitupa.

Akapanda hadi ukingo wa juu wa machimbo, mahali ambapo mwamba ulikuwa umeliwa na jua na mvua hadi ukawa wa kahawia. Akaokota jingine. Hili lilimeguka mkononi na kumwachia unga mweupe vidoleni. Akalitia kwenye gunia.

Aukot, nyapara wa machimbo, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Madam, unachukua za huku juu peke yake?"

"Mtaalamu ni nani hapa, mzee?"

"Ni wewe." Akainama, akamshikia mdomo wa gunia.

Kilima cha machimbo hayo, nje kidogo ya Kakuma, kilizaliwa kwa moto. Zamani kabla ya binadamu, mwamba ulioyeyuka ulitoka ardhini, ukapoa, ukawa jiwe jeusi, zito, gumu. Ni ngozi yake ya juu tu iliyooza. Barabara ya lami ya kutoka Lodwar ilipoanza kujengwa, kampuni moja ilikuja na baruti, ikakipasua kilima, ikasaga kokoto kwa miaka kumi. Sasa barabara ilikuwa imekwisha. Lililobaki lilikuwa tumaini la reli. Jiwe hilo likikubaliwa kulaliwa na mataruma ya reli, machimbo yangeendelea miaka ishirini mingine. Likikataliwa, yangefungwa. Nabei alikuwa ametumwa na maabara ya Lodwar kuamua.

Kwenye kitambulisho chake cha kazi alikuwa Nabei Lotiir, kwa jina la mumewe. Baba yake alikuwa Ekwam, mchimbaji aliyefukiwa hapo miaka minane iliyopita, ukuta wa mashariki ulipoanguka. Ukuta ulikuwa na ufa, na kila mtu alikuwa ameuona. Aukot ndiye aliyewaambia watu washuke. Kesho yake, Ekwam akiwa hata hajazikwa, mashine ya kusaga mawe iliwashwa kama kawaida. Aliyeiwasha ni Aukot. Nabei, akiwa kidato cha nne, aliusikia mngurumo huo akiwa amekaa kando ya maiti ya baba yake. Siku hiyo ndipo alipojua atasomea nini.

Tangu aanze kazi hakuwahi kudanganya kuhusu jiwe hata moja. Hili lingekuwa la kwanza.

Walipoteremka, Aukot alimwagizia chai kwa Akuch, mama wa Sudan Kusini aliyetoka kambi ya wakimbizi kila siku kuwauzia wachimbaji. Nabei alikataa. Mama yake alikuwa amemwonya asinywe hata maji ya Aukot.

"Dada, mawe ni mazuri?" Akuch alimuuliza. "Reli itakuja?"

"Tutapima," Nabei alisema, akageukia pembeni.

Akasogea chini ya ukuta wa mashariki, pale alipofia baba yake. Wanaume kama kumi walikuwa wanapasua mawe hapo.

"Toka hapo!" Aukot alipiga kelele. Changarawe kidogo ilimwagika karibu na viatu vya Nabei. "Madam, hapo si pa kusimama."

"Mbona hao wamesimama?"

Aukot aliutazama ukuta. Nabei alimtazama kwa chuki. Miaka minane, na mtu huyu bado anashusha watu mahali palepale.

Huko Lodwar aliyamimina mawe kwenye pipa la chuma pamoja na mipira mizito ya chuma, akalizungusha mara mia tano. Mawe yakatoka unga. Akaandika: *Hayafai kwa reli*. Akatia sahihi.

Baada ya wiki tatu alirudi Kakuma. Hakuwa na kazi huko. Alitaka kuuona uso wa Aukot.

Mashine zilikuwa kimya. Wachimbaji walikuwa wanaelekea barabarani, nyundo mabegani. Akuch alikuwa anafunga jiko na vikombe kwenye kanga kuukuu. Alimwona Nabei, hakumsalimu. Hilo lilimchoma, lakini akapita.

Aukot alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na lango, kofia yake ya kazi magotini.

"Ejok," alimsalimu kwa Kiturkana.

"Wamekufuta?" Nabei aliuliza.

"Wote tumefutwa. Kampuni inahama Ijumaa."

"Mzee, mimi ni binti ya Ekwam." Alikuwa ameirudia sentensi hiyo njia nzima. "Jiwe lako ni zuri. Sijawahi kugonga zuri kama hilo. Nimelikataa kwa sababu yako wewe. Nimekuja ujue ni nani amekufanyia hivi."

Alingoja afoke. Alingoja amtishie kumshtaki, au aombe. Aukot alitazama ukuta wa mashariki, ambao kwa mara ya kwanza haukuwa na mtu chini yake.

"Ile ufa imerudi," alisema. "Saa hii mkono yangu inaingia mpaka hapa." Akagusa kiwiko. "Nimeambia mwenye kampuni, nimechoka kumwambia. Ananijibu wataalamu wamepitisha."

"Wataalamu gani?"

"Wa barabara. Walikuja wawili, watu waaminifu kabisa. Niliwaonyesha ufa, wakasema wao wametumwa kupima jiwe. Wakapima, wakaandika ukweli, na watu wakaendelea kufanya kazi chini ya ukuta."

Akavaa kofia, akasimama taratibu.

"Sasa hii ya reli, barua ya kuomba mtaalamu niliandika mimi. Nikasema nataka binti ya Ekwam."