Binti Mfalme wa Fungate

Fungate ilikuwa haijafika katikati, na bwana harusi alikuwa akimtafuta mwanamke mwingine. Mwanamke huyo, binti mfalme, alikuwa ndani ya televisheni. Shaweji alikuwa ameuleta mchezo wake wa majoka hadi chumbani kwa bibi harusi, akisema ataucheza kidogo tu.

"Mchezo wenyewe mbovu," alilalamika.

"Naona," alisema Rukia. "Joka limekwama ukutani. Liitie fundi."

"Usinicheke, mke wangu. Namalizia."

"Na huyo bibi yako mbona hana viatu kwenye theluji yote hiyo? Au mahari hayakutosha?"

Shaweji alicheka bila kugeuka. Rukia alikuwa amejifukiza udi tangu alasiri, na pua ya mumewe haikuwa na habari.

Somo yake Rukia, yule aliyemfunda mambo ya ndoa, alipoleta sinia ya chakula, Shaweji alikwenda kunawa. Rukia akaichukua pedi ya mchezo. Kando ya binti mfalme kulikuwa na shimo la moto, na Rukia alikusudia kumtumbukiza humo. Akabonyeza kitufe alichodhani ndicho. Binti mfalme akageuka, na maandishi yakatokea chini yake: "Umekuja? Nimekungoja sana."

Rukia akabonyeza tena.

"Umekuja? Nimekungoja sana."

Binti mfalme hakuwa amefundishwa neno lingine.

Maji yalinyamaza bafuni. Rukia akavua mtandio wake, akaifunika televisheni taratibu, kama anayemfunika mtu aliyelala. Weupe wa theluji ukabaki unapenya kwenye kitambaa.