Shimo Jeusi Limeamka

Bi Mwanakombo alisimama mlangoni na kikapu chake, akingoja mwanawe amsindikize. Zamani mtoto huyuhuyu akimsindikiza hushika upindo wa kanga, hataki kurudi.

Leo Siwema hakubanduka kwenye kompyuta. "Mama, shimo jeusi limeamka! Miaka yote kimya, linanyonya nyota mwenzake polepole. Ona mionzi ya eksirei inavyofumuka!"

"Maskini. Na huyo anayenyonywa, nani anamtazama?"

Siwema akacheka. "Huyo haonekani, mama. Mwanga wote ni wa mlaji."

"Haya, nisindikize. Miguu hii sijui kama itanileta tena."

"Nakuja. Tangulia, usifike mbali."

Barabarani Bi Mwanakombo akainama, akafungua ukanda wa kiatu uliofungwa vizuri, akaanza kuufunga upya, taratibu.